Wiki ya UEFI, Wiki ya Legacy

Sogea karibu, wewe uliyenunua seti ya bisibisi juzi na tayari Garsen nzima inakuita fundi. Sikucheki. Hata mimi niliitwa fundi kabla sijajua kufungua kifuniko cha betri. Hapa kwetu ukionekana mara mbili umeshika bisibisi, umeshahitimu. Keti basi nikueleze jambo moja tu, la UEFI na Legacy, kwa sababu kati ya laptopu zote zilizoletwa kibandani kwangu zikiitwa maiti, nyingi zilikuwa hai kabisa. Zilikuwa zimeelekezwa njia isiyo yao.

Mimi nimestaafu. Sikufukuzwa na mtu, nilifukuzwa na skrubu. Zilizidi kuwa ndogo kila mwaka, na macho yangu yakazidi kuwa ya mtu mzima, mpaka siku moja nikajikuta nakaza chembe ya mchele iliyoanguka kutoka kwenye chakula changu. Sasa nalima mahindi na ndizi kando ya mto. Mahindi hayana skrubu. Lakini ninyi vijana bado mnakuja kuuliza, na mimi bado napenda kuulizwa.

Haya. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, mashine haijui lolote. Haijui hata kwamba ina diski. Ndani ya bodi yake kuna programu ndogo inayoamka kwanza, na kazi yake ni kwenda kwenye diski kuuamsha mfumo mkubwa, ule unaokuonyesha picha na faili zako. Kuna njia mbili za kwenda. Legacy ni ya zamani: inakwenda moja kwa moja kichwani mwa diski, inasoma kipande cha mwanzo kabisa na kutii kilichoandikwa hapo. Haimuulizi mtu jina. UEFI ni ya sasa: inatafuta chumba kidogo kilichotengwa ndani ya diski, inaingia, inatafuta faili ya kuwashia kwa jina lake. Diski iliyopangwa kwa Legacy haina chumba hicho. Iliyopangwa kwa UEFI, kichwani hakuna wa kukuitikia hodi. Ukipita njia isiyo yake, utaandikiwa kwa herufi nyeupe juu ya weusi kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Mashine haijafa. Imebisha nyumba isiyo na mtu.

Aliyenifundisha haya ni Bi Zuhura wa Kipini, ambaye alianza na redio, akahamia televisheni, na kompyuta zilipofika akazifungua kama anayefungua samaki. Aliniambia, "Mwanangu, mwenye mashini atakwambia anavyotaka uamini. Mashini itakwambia ilivyo. Sasa utamsikiza nani kwanza?"

Nikasema mashine.

"La. Mwenyewe kwanza. Ndiye atakayekupa chai."

Bi Zuhura ndiye aliyemtibu Dhadho wa Ozi. Dhadho alikuwa na laptopu kuukuu ya kuonyeshea filamu kijijini. Ikikaa siku kadhaa bila umeme, inagoma kuwaka. Dhadho anaipakia mtumbwini na kuipeleka Kipini, Bi Zuhura anabonyezabonyeza, inawaka. Inarudi Ozi, inakaa, inagoma tena. Dhadho akafikia uamuzi kwamba laptopu haipendi Ozi, ina hamu na Kipini. Akaanza kuulizia nyumba ya kupanga Kipini. Mkewe akamuuliza, "Na mimi siku nikichelewa kuamka utanihamishia Kipini?"

Bi Zuhura alikuwa anarudisha mpangilio kila mara na hakuridhika. Siku moja akaangalia saa ya ile mashine. Ilikuwa inaonyesha mwaka ambao Dhadho alikuwa bado hajaoa. Hapo akacheka. Ndani ya bodi kuna betri ndogo, duara kama sarafu, inayoisaidia mashine kukumbuka mambo yake umeme ukikatika. Ikiisha, mashine inasahau, na ikisahau inarudia mipangilio iliyozaliwa nayo. Ya Dhadho ilizaliwa na UEFI, lakini diski yake ilikuwa imepangwa kwa Legacy. Betri ikabadilishwa, hamu ya Kipini ikaisha. Kwa hiyo laptopu ikigoma, kabla ya yote tazama tarehe. Ikiwa iko nyuma miaka mingi, tafuta ile sarafu.

Sasa nikueleze habari ya kamati, maana ndiyo inayonifanya nicheke peke yangu shambani mpaka majirani wanauliza.

Ilikuwa kamati ya malka. Malka, kwa wewe uliyekulia mjini, ni njia ya ng'ombe kutoka mbugani hadi mtoni, inayokatiza katikati ya mashamba. Sisi Wapokomo tunalima ukingoni, Waorma wana ng'ombe wao mbugani, na kiangazi kikikaza ng'ombe lazima wanywe. Malka ikijulikana, ng'ombe wanakunywa na mahindi yanabaki yamesimama. Isipojulikana, ng'ombe wanapita kwenye mahindi, na baada ya hapo mambo hayawi tena ya kompyuta.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Buya, mkulima, ndugu wa mke wangu. Makamu wake alikuwa Mzee Guyo, mfugaji. Katibu alikuwa binti mmoja mwenye subira, Habona. Walikuwa wamepewa laptopu na shirika fulani ili watunze ramani ya malka, ambayo wazee wa pande zote waliitembea kwa miguu pamoja, Habona akifuata nyuma na simu yake akichukua alama.

Ili pasiwe na ugomvi, kamati ile iligawanya kila kitu. Laptopu ililala kwa Buya, chaja ililala kwa Guyo. Neno la siri lilikuwa la vipande viwili: Buya anaandika nusu yake Guyo akiwa amegeuka, kisha Guyo anaandika nusu yake Buya akiwa amegeuka. Picha ya skrini ilikuwa mkungu wa ndizi upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, na wakulima waliwahi kuleta malalamiko rasmi kwamba ng'ombe anauangalia mkungu vibaya.

Basi kijana aliyeileta laptopu, akiwafundisha, aliwafungulia ukurasa wa mipangilio ya kuwashia ili waone tu. Akawaambia hapa mtu huchagua UEFI au Legacy. Akafunga, akaaga, akaenda zake. Hakujua amewaachia nini. Kwa kamati ile, kitu kikishachagulika lazima kigawanywe.

Buya alisikia UEFI ndiyo mpya, akaidaka. Guyo akauliza Legacy maana yake nini, akaambiwa ni urithi.

"Basi hiyo ni yetu," akasema. "Sisi urithi tunao. Unatembea kwa miguu minne."

Wakakubaliana kwa zamu. Ijumaa baada ya swala, Habona anabonyeza F2, kitufe cha kufungulia ukurasa ule, mbele ya mashahidi na kuweka Legacy. Ijumaa inayofuata anarudisha UEFI. Diski yenyewe ilikuwa imepangwa kwa UEFI tangu ilikotoka, kwa hiyo wiki ya UEFI laptopu ilifanya kazi vizuri, na wiki ya Legacy ilikuwa nyeusi tii, na yale maandishi yake meupe.

Nawe utauliza, hakuna aliyeshangaa? Hakuna. Fikiria ni watu gani hawa. Mfugaji hupumzisha malisho, mkulima hupumzisha shamba. Guyo alitamka kwamba wiki ya Legacy mashine inapumzishwa, na Buya, ambaye ana kipande cha ardhi alichokipumzisha tangu nimjue, akaona hiyo ni hekima. Wakawa wanafanya mikutano laptopu ikiwa wazi mbele yao, nyeusi, wakiiheshimu kama mgonjwa aliyelala. Ilikwenda hivyo muda mrefu bila tatizo lolote.

Halafu mvua ikakataa. Mafuriko ya msimu uliopita yalikuwa yamebeba vigingi vyote vya kuonyesha malka. Ramani iliyochapishwa na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi ililiwa na mbuzi. Mbuzi wa nani, haikujulikana, kwa sababu kila upande ulisema tabia zile ni za mbuzi wa upande wa pili. Ikabaki ramani iliyo ndani ya laptopu peke yake. Simu ikapigwa kutoka mbugani: ng'ombe wameshatoka, kesho asubuhi watafika kwenye mashamba. Na wiki ya Legacy ndiyo kwanza ilikuwa imeingia.

Walinijia kibandani asubuhi ile ile simu ilipopigwa, wote watatu. Habona ameshika laptopu kifuani. Guyo ameficha chaja ndani ya kikoi kana kwamba itanyakuliwa.

"Karibuni," nikasema. "Mgonjwa ni nani?"

"Mzee, imekataa kuwaka," Habona akasema. "Na si leo tu. Ni kila wiki ya Legacy."

"Kila wiki ya nini?"

Wakanieleza. Nikawaomba wanieleze tena. Nikaketi.

"Haijakataa," Guyo akanisahihisha. "Inapumzika. Lakini leo hatuna nafasi ya kupumzika."

"Wiki yetu haipumziki," Buya akasema.

"Nyinyi watu wa ndizi hamjui kupumzisha kitu. Ndio maana hata dada yako, huyo mke wa fundi, anakonda."

"Dada yangu anakonda kwa kumpikia huyu."

"Ramani ya nini," Guyo akaendelea, "malka mimi najua. Inapita kushoto kwa ule mkuyu mkubwa."

"Kulia," Buya akasema. "Kushoto kuna mahindi yangu."

"Kulia kuna shimo. Unataka ng'ombe wangu waingie shimoni?"

"Na wewe unataka waingie kwenye mahindi yangu?"

Sauti zilipanda. Hapo nikaona si mzaha. Kesho asubuhi hoja hii hii ingezungumzwa na watu wengi zaidi, kila mmoja ana fimbo au panga la shambani, na ng'ombe wenye kiu wasiojua kushoto wala kulia.

Habona akampigia fundi mmoja wa Hola na kufungua spika. Fundi akasikiliza, akasema, "Hiyo rahisi. Futa diski yote, ipange upya kwa Legacy, weka mfumo mpya. Nusu saa mmemaliza. Flashi ya kuwekea mfumo si niliwapa?"

Guyo akaitoa flashi kwenye mfuko wa shati. Alikuwa nayo tayari. Na elewa jambo hili vizuri, maana wengi hukosea hapa: yule fundi hakusema uongo. Kweli ingewaka kwa Legacy. Hakuwa ameulizwa kuhusu ramani.

"Na vilivyomo ndani?" nikamuuliza.

"Vilivyomo vinaondoka. Kwani hamkuweka nakala?"

"Tuliweka," Buya akajibu. "Iko ndani ya mbuzi."

Simu ikakatwa. Wote wakaniangalia. Mimi jibu nilikuwa nalo: UEFI. Lakini nikilitoa, ni Mpokomo anayempa ushindi shemeji yake. Guyo aliniwahi.

"Fundi, pilau ya harusi yako niliila. Najua huyu ni nani kwako. Kwa hiyo sema polepole."

Nikaona nisiseme. Nikauliza. "Mzee Guyo, malka huwekwa na nani?"

"Wazee."

"Wanaweza kuiweka popote?"

"Popote vipi? Ukingo ukiwa mrefu ng'ombe atashukaje? Atavunjika. Mto ndio unasema hapa, wazee wanakubali tu."

"Basi diski ndiyo mto," nikasema. "Siku mfumo ulipowekwa ndani yake, ukingo ulichongwa mahali pamoja. Ulichongwa huko ilikotoka, kabla haijatujua sisi wala ninyi. Hii ilichongwa kwa UEFI. Sisi kila Ijumaa tunahamisha njia huku juu, na mto haujasogea. Nikifuta kama alivyosema yule, ninachimba mto upya, na ramani inakwenda na maji."

Buya akafungua mdomo. "Si nili..."

Kwa heshima zote za ushemeji, nilimkanyaga mguu.

Guyo akaizungusha flashi vidoleni. "Kwa hiyo Legacy yetu ni ukingo mrefu."

"Kwa mashine hii. Kuna mtu wa Ozi, Dhadho, yake ni kinyume. Ukiiweka UEFI haiamki kabisa. Inataka Legacy."

"Ana ng'ombe?"

"Hana. Anaonyesha filamu."

"Hata hivyo," Guyo akasema, na uso ukalegea kidogo. Kisha ukakaza tena. "Lakini wiki ni wiki, fundi. Tulikubaliana mbele ya watu. Leo nikiruhusu wiki ivunjwe kwa sababu ya haraka, kesho kuna mtu atavunja malka kwa sababu ya haraka. Atakuwa na sababu nzuri pia."

Alisema kweli. Laptopu ilikuwa ya kuchekesha, lakini kuheshimu zamu hakukuwa kwa kuchekesha. Ndipo nikakumbuka kitufe.

Sikiliza hapa, hii ni kazi. Laptopu nyingi zina kitufe cha kubonyeza zinapoanza kuwaka, kwa nyingine F12, kwa nyingine F9 au Esc, kinachokuletea orodha ya njia za kuwashia kwa safari hiyo moja tu. Mpangilio wenyewe hauguswi. Ukizima na kuwasha tena, kila kitu kiko pale pale. Si kila mashine itakuonyesha njia zote mbili, nyingine zinaonyesha ile moja iliyowekwa. Ile ya kamati nilipoijaribu ilionyesha zote.

"Mzee Guyo," nikasema, "kuna kupita bila kuhama. Legacy inabaki imewekwa kama mlivyokubaliana. Leo tunapita tu kwa UEFI, tunachukua ramani, tunatoka."

Akafikiri. "Mgeni akipita bomani kwangu akielekea majini, boma halijawa lake."

"Ndivyo."

"Na hawa hawatasema wiki yetu imevunjwa?"

"Tutasema," Buya akakiri. "Lakini tutasema tukiwa na ramani."

Guyo akatoa chaja. Habona akawasha na kubonyeza F12, orodha ikaja. Guyo akasema kidole cha kubonyeza kiwe chake, ili wiki ijue mwenyewe amekubali. Nikamwonyesha mstari wa UEFI, akabonyeza kwa kidole gumba, kama anayeweka sahihi.

Likaja neno la siri. Guyo akageukia barabarani, Buya akaandika. Buya akageuka, Guyo akaandika. Ikakataa. Kila mmoja akamshuku mwenzake kwamba amesahau nusu yake. Habona akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha herufi kubwa, taa yake ndogo ikazimika, wakageukiana upya. Safari hii mkungu wa ndizi na ng'ombe wakatokea, na sijawahi kufurahi hivyo kuona picha mbaya.

Habona akaifungua ramani. Mkuyu ulikuwapo. Malka ilipita kushoto kwake ukitoka mbugani, na kulia kwake ukitoka mtoni.

Wazee wakaitazama kwa muda. Buya siku zote hutokea mtoni. Guyo siku zote hutokea mbugani.

"Kumbe," Guyo akasema taratibu, "shimo langu na mahindi yako viko upande mmoja."

"Shimo ni langu pia. Niliwachimbia viboko."

"Na hukusema."

"Ningekwambia, viboko wangesikia."

Kabla ya kuchapisha chochote nilimwambia Habona anakili ramani kwenye ile ile flashi iliyokuja kuiua, na kwenye simu za wazee wote wawili. Kisha wakaenda kuichapisha, wakaibandika juu kuliko shingo ya mbuzi yeyote, na vigingi vipya vikasimikwa siku hiyo hiyo. Asubuhi ng'ombe walishuka wakanywa. Nilikwenda kutazama. Mahindi yalikuwa yamesimama, na Buya amesimama kando ya shimo lake na kitambaa chekundu, akiwaelekeza ng'ombe kama askari wa barabarani.

Utadhani baada ya hapo waliacha zamu. Hawakuacha. Mpaka leo, Ijumaa baada ya swala, Habona anaweka Legacy mbele ya mashahidi, na wiki nzima wanapita kwa F12 kama wageni, Guyo akibonyeza. Zamani ningewaambia ni kazi bure. Siku hizi nawaambia vijana: kama diski iko salama na watu wanasalimiana, hiyo mashine ni nzima.

Wewe ukiweka mfumo mpya kwenye mashine ya miaka hii, weka UEFI, na hakikisha flashi yako imetengenezwa kwa UEFI pia. Ukikutana na mashine kuukuu kama ya Dhadho, yenye mfumo wa zamani unaofanya kazi, iache na Legacy yake. Ila laptopu ya mtu ikikujia nyeusi, usifute kitu. Washa, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, piga picha ya ulivyoukuta, toka bila kuhifadhi, kisha washa tena na ujaribu ile njia nyingine mara moja kwa F12.